Aiskrimu ya Shemeji na Shamba la Dada

Shemeji yangu ndiye mtu pekee niliyewahi kumwona akihutubia ndoo. Aliiweka katikati ya sebule, juu ya gazeti ili isichafue zulia, akasimama mbele yake mikono nyuma na tumbo mbele, akatueleza mimi na dada yangu kwamba tulichokuwa tunakitazama ni chombo cha maendeleo. Dada alikuwa amempakata mtoto mdogo, yule mkubwa amemng'ang'ania khanga. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimeingia kutoka shule, sare bado mwilini, na njaa ilikuwa inaniuma kweli. Chombo chenyewe kilikuwa ndoo ya mbao yenye pete za chuma. Ndani yake mlikuwa na kopo refu la bati, na juu mkono wa kuzungushia kama ule wa mashine ya kusagia nyama.

Alikinunua kwa mtaalamu mmoja wa kigeni aliyekuwa amemaliza mkataba wake na kuuza vitu vya nyumbani kabla ya kurudi kwao. Pale penye vitu vya kuuzwa palikuwa na cherehani. Dada aliiona, akaishika, akalizungusha gurudumu lake kidogo, akamwambia mume wake kwa sauti ya chini kwamba hiyo ingemfaa. Shemeji akamjibu kwamba cherehani kila mtu anayo. Nguo za watoto wakati ule zilikuwa zinashonwa kwa mkono, na vitambaa vyenyewe vilikuwa vya kubahatisha, lakini mwanamume alitoka pale na ndoo ya kutengenezea aiskrimu, akaipakia kwenye gari la shirika.

Alikuwa meneja wa ghala la shirika moja la umma kule Kihonda. Alikuwa mtu wa kuja, kutoka mkoa wa mbali, na hakuchoka kutukumbusha kwamba kwao watu wameamka. Miaka ile ya Ujamaa kila mkubwa alikuwa na hotuba mfukoni, na yeye alikuwa na za kugawa. Mchana alisimama mbele ya wafanyakazi katika kaunda suti yake ya kijivu akipiga vita unyonyaji na kuwahimiza wakate mirija. Jioni alirudi kwenye nyumba ya shirika kule juu, njia ya Boma, akavua viatu, akaita, na mmoja wetu akaja kuviokota. Sikumpenda tangu mwanzo na sioni sababu ya kujifanya nilimpenda.

Niliishi kwao kwa sababu mama yetu alikuwa amefariki na shule yangu ilikuwa mjini. Kwa hiyo nilikula chakula chake, na kwa chakula hicho nilizungusha ile mashine mpaka mabega yakawa kama ya mpiga makasia.

Wajukuu zangu wanacho cha umeme siku hizi. Wanamimina, wanabonyeza, wanarudi kutazama televisheni, halafu wanakuja kuniambia kwamba aiskrimu ya nyumbani ni kazi rahisi. Sawa. Ya kwetu ilianza na maziwa. Yalichemshwa, yakaachwa yapoe, malai ya juu yakaenguliwa na kuwekwa kwenye friji, kesho yake hivyohivyo, mpaka bakuli lijae. Kisha sukari. Sisi tulikuwa mkoa wenye mashamba ya miwa yasiyoisha kwa macho, na tulipanga foleni ya sukari kama watu wa jangwani. Yaani watu wengine walipanga. Shemeji alikuwa na rafiki, rafiki alikuwa na kalamu, na kimemo kikifika dukani sukari ilitokea mlango wa nyuma. Juu ya jambo hilo hakuwahi kutoa hotuba.

Matunda yaliparazwa na kupondwa. Kama ni pasheni, yalichujwa kwa kitambaa safi ili mbegu zisiingie. Vyote vilichanganywa na mayai, vikapashwa moto polepole, vikapozwa, vikamiminwa ndani ya lile kopo pamoja na upawa wa mbao unaozunguka humo ndani. Barafu ilitiwa ndani ya gunia na kupondwa kwa mchi. Ukaweka tabaka la barafu, ukaweka tabaka la chumvi ya mawe, tena barafu, tena chumvi, kulizunguka kopo mpaka juu. Halafu ukazungusha. Mwanzoni mkono ulikwenda wenyewe, ukajiona hodari. Baadaye kitu kikaanza kukataa mle ndani, na hapo ndipo usingeweza kupumzika, maana ukiacha kinaganda ovyo. Kwa nini chumvi iiyeyushe barafu na wakati huohuo iizidishie baridi, nilielezwa shuleni na nikapata alama nzuri, lakini hadi leo naona ni mambo ya ajabu.

Shemeji hakuzungusha hata mara moja. Yeye alisimamia. Alivuta kiti akakaa karibu na kijitabu kilichokuja na mashine, kimeandikwa lugha ambayo hakuijua, akawa anafunua kurasa na kutikisa kichwa.

Mara ya kwanza tuliharibu. Ile ndoo ina tundu ubavuni ambapo maji ya chumvi hutokea yakizidi. Shemeji aliliona, akasema ni ufa, akaliziba kwa kitambaa na nta ya mshumaa. Maji yalipanda, yakapita juu ya mfuniko, yakaingia kwenye kopo. Tulipofungua, dada akaonja kwa ncha ya kijiko, akanitazama. Shemeji akachota, akaweka mdomoni, uso ukamkunjamana, akameza. Akasema ndivyo inavyokuwa, ya Ulaya huwa na chumvi kidogo. Na ili kuthibitisha akamaliza bakuli zima mbele yetu. Usiku kucha alikunywa maji.

Mara nyingine tuliuzungusha mchanganyiko ungali vuguvugu, tukapata chembechembe za siagi zinazoelea kwenye uji wa pichi. Mara nyingine alitusimamisha katikati ili atueleze jambo alilolisoma gazetini kuhusu tija, na alipomaliza tija yake aiskrimu ilikuwa mapande ya barafu ya kuvunjia meno. Lakini dada yangu ana mikono inayojifunza. Alilizibua lile tundu mumewe akiwa kazini, akaacha mchanganyiko ulale kwenye friji mpaka upoe kabisa, akapunguza sukari, akaongeza malai. Jumapili moja ikatoka.

Nitasema ukweli ingawa unanikera: ilikuwa tamu. Ilikuwa ya stroberi, rangi ya waridi iliyopauka, laini, inakaa kwenye kijiko bila kumwagika, na ukiiweka ulimini inayeyuka taratibu na kukuachia harufu ya tunda lenyewe. Watu wa mjini wakati ule tulijua lambalamba, maji ya rangi yaliyogandishwa kwenye kijiti. Hii ilikuwa kitu kingine. Shemeji alikula, akafumba macho, na alipoyafumbua nikajua tumekwisha.

Wiki zilizofuata walikuja wake za wakubwa kuonja. Wakaja wataalamu wa kigeni na suruali zao fupi. Kila mtu alisifu, na kila sifa ilipokelewa na Shemeji, mkono kifuani, kama vile yeye ndiye aliyekamuliwa maziwa. Baadaye meneja wa hoteli moja akauliza kama inaweza kupatikana kila Jumamosi, na hapo ukazaliwa Mradi. Alilitamka neno hilo kwa sauti ya mtu aliyesimama kuhutubia.

Tatizo lilikuwa kwamba kiongozi hakuruhusiwa kuwa na biashara pembeni wala kuajiri mtu wa kumfanyia kazi. Miiko ya uongozi ilikuwa wazi na yeye mwenyewe aliwasomea wengine. Basi Mradi ukawa wa dada kwa jina, wa dada na mimi kwa mikono, na wake kwa yale mengine yote. Tatizo la pili lilikuwa stroberi. Sokoni zilipatikana kidogo, zimebonyea, na akina mama wanaoshuka nazo kutoka milimani walikuwa na wateja wao. Na sisi, mimi na dada, tulikuwa na shamba.

Niseme kidogo juu ya shamba hilo. Liko juu Uluguru, mwendo wa kupanda asubuhi nzima ukipitia misheni, mahali ambapo ukungu unaingia ndani ya nyumba bila kubisha. Lina matuta ya ngazi yaliyochimbwa na bibi yetu, kijito ubavuni, mipichi kando, stroberi chini yake, na juu kabisa kaburi la mama. Kwetu sisi Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake. Lukolo, ndivyo tunavyouita, nayo ardhi inafuata njia hiyohiyo, kutoka kwa mama kwenda kwa binti. Mama alipofariki, shamba lilikuwa la dada, kwa kuwa ndiye mkubwa. Mjomba, kaka yake mama, ndiye aliyelichunga.

Shemeji aliishi nasi miaka kadhaa bila kutaka kuyaelewa hayo. Aliyaita mambo ya watu wa milimani. Alichokielewa ni kwamba kuna mzee mmoja mwenye kauli, na kwamba mzee huyo akilainishwa, shamba litaandikishwa kijijini kwa jina la meneja, atapanda stroberi mpaka kwenye kijito, na mipichi itakatwa kuzipisha jua. Kaburi alisema litawekewa uzio mzuri.

Siku aliyotutangazia hayo dada alikwenda uani, akatandika gunia la barafu na kuanza kuliponda. Nikamfuata.

"Dada, utakubali?"

"Nani kaniuliza?"

"Mimi nakuuliza."

Akaponda kwanza, kisha akaegemea mchi. "Unajua kwa nini nalala usingizi humu ndani? Anaweza kununa, anaweza kufoka, anaweza kuleta mwanamke mwingine. Mimi najua kule juu kuna mahali ambapo hakuna mtu wa kunifukuza. Hilo tu. Akilichukua lile, mdogo wangu, nitakuwa mtumishi wake hadi nife."

"Mwambie basi."

"Nimwambie nini? Wewe una mdomo kwa sababu huna watoto." Akaniwekea mchi mkononi, akaingia ndani.

Nilimkasirikia siku ile. Nilikuwa na umri wa kumkasirikia mtu kwa kunyamaza.

Shemeji akapanga kumkaribisha mjomba nyumbani Jumapili. Mjomba angeshuka baada ya misa ya alfajiri, pamoja na mtani wa ukoo wetu. Hapo lazima nieleze tena, kwa maana mambo yote yaliharibikia hapo. Mtani kwetu si mtu wa mzaha tu. Ni mtu wa ukoo mwingine mwenye haki ya kutucheka, kutunyang'anya chakula mkononi, na kusema hadharani yale ambayo sisi wenyewe tunayameza. Msibani ndiye anayeendesha shughuli. Na mkwe akiwa na haja nzito, hasa haja ya ardhi, haisemi kwa kinywa chake. Mtani humtania kwanza, kwa ukali hasa, naye mkwe hucheka na kujikomboa kwa kitu kidogo, hata sigara. Akishajikomboa, mtani humgeuka na kumsemea kwa wakwe. Desturi ina akili zake: mtu asiyeweza kuchekwa utamkabidhi ardhi vipi?

Dada alimweleza mumewe yote hayo, mara mbili, akiwa anampigia pasi ile kaunda suti. Nilikuwepo. Shemeji akasema mila za namna hiyo ndizo zinazorudisha taifa nyuma.

Jumamosi nilipandishwa mlimani kuchuma stroberi za shamba letu wenyewe, ili mjomba alainishwe kwa matunda ya shamba analoombwa. Jumapili asubuhi nikatumwa Mwembesongo kwa muuza samaki, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na barafu ya mabonge. Barafu ilinuka samaki, na kwa nini isinuke. Haigusani na chakula, inakaa nje ya kopo. Shemeji aliinusa, akaagiza ioshwe kwa sabuni. Sabuni yenyewe ilikuwa adimu, watu walikuwa wanafulia majivu na mapapai mabichi, na mimi nikakaa uani nikiogesha barafu. Nilivyozidi kuiosha ndivyo ilivyozidi kupungua, mpaka dada akaninyang'anya iliyobaki.

Wazee walifika jua likiwa limeshapanda, vumbi magotini, na mkungu wa ndizi begani mwa mjomba. Mjomba alikuwa mtu mnene kidogo, mpole, koti lake la kanisani limempauka mabegani. Mtani alikuwa mrefu mwembamba, amevaa kofia ya pama iliyotobolewa na panya, mwenye macho yaliyoanza kucheka kabla hajavuka kizingiti. Tuliwaamkia shikamoo, wakaitikia, dada akawatolea maji ya kunawa. Wali na kuku vilikuwa jikoni vinamalizikia. Harufu ilikuwa imejaa nyumba nzima na nilimwona mjomba akiivuta.

Shemeji akaagiza aiskrimu iletwe kwanza. Aliogopa itayeyuka.

Dada alimnong'oneza kwamba wazee wametembea tangu alfajiri na hawajala. Akamjibu, bila kunong'ona, kwamba wali hauyeyuki. Basi nikaleta vibakuli vya kioo kwenye sinia, vitatu vidogo kwa wageni na dada, na kimoja kikubwa chenye mguu kwa ajili yake. Hata kupanga vibakuli alikuwa amenielekeza mwenyewe.

Mjomba akachota kidogo, akaweka mdomoni. Alikuwa na meno mabovu upande mmoja. Nilimwona akikishika kidevu kwa kiganja, macho yanamlengalenga, na kwa heshima akameza.

"Ni tamu, baba," akasema. "Ila nimeshuka huku ili nipate joto."

Mtani alingojea hilo tu. Alisimama, akakichungulia kibakuli chake. "Mkwe, sisi tumetoka kwenye baridi alfajiri, tumeshuka mabonde, tumefika kwako. Na wewe baridi ileile umeipaka rangi, unatupa kwa kijiko. Huko kwenu njaa huwa mnaifukuza kwa kuigandisha?"

Mjomba akacheka, kiganja bado kidevuni. Dada, mlangoni, akaficha mdomo kwa khanga. Mimi nilicheka waziwazi. Mtani akaenda moja kwa moja mbele ya Shemeji, akalichukua bakuli lake kubwa kutoka mkononi, akaketi kwenye kiti chake cha kuegemea ambacho Shemeji alikuwa amekiacha ili asimame vizuri. Akalitunisha tumbo ambalo hakuwa nalo.

"Ndugu wananchi," akasema, kijiko hewani. "Fungeni mikanda. Mimi nitawaonyesha inavyofungwa, pindi nitakapomaliza bakuli hili."

Alimpatia kabisa, sauti, kidevu na yote. Kilichotakiwa sasa kilikuwa kitu chepesi ambacho mtoto wa darasa la kwanza wa kwetu anakijua. Cheka. Toa sigara. Mtani angepokea, angempigapiga mgongoni, angeanza kumsifu kwa mjomba, na Mungu anisamehe, nadhani siku ile shamba lingekwenda. Niliogopa hivyo nilipokuwa nacheka. Dada naye aliacha kucheka, nikajua anawaza hilohilo.

Shemeji alikuwa mwekundu, kwa kadiri mtu mweusi anavyoweza kuwa mwekundu. "Wewe mzee," akasema, "una adabu kweli? Hapa ni nyumbani kwa kiongozi. Weka bakuli chini, utoke nje."

Nilisikia mfuniko wa sufuria ukigongagonga jikoni. Mtani akamtazama mjomba, na mjomba akatazama miguu yake mwenyewe. Hakuna mtu aliyewahi kumfukuza mtani, wala hatukuwa na neno la kitendo hicho. Mzee alisimama taratibu, akalirudisha bakuli juu ya meza bila kugonga kioo, akavaa kofia yake, akaenda kukaa kwenye ngazi za baraza. Dada akaenda jikoni, akapakua wali na paja la kuku, akapita katikati ya sebule mbele ya mumewe bila kuomba ruhusa, akampelekea.

Mtu mwingine angejua pale kwamba amejimaliza. Shemeji aliona amesafisha ukumbi. Akavuta suti yake, akaanza kusema mwenyewe, kwa kinywa chake, juu ya kujitegemea, juu ya matunda kama nguzo ya afya ya taifa, juu ya ardhi inayolala bila tija mikononi mwa watu wasio na mipango. Alisema shamba litakuwa mfano kwa kata nzima. Alisema Mradi. Aiskrimu ya mjomba ikaanza kulegea na kufanya kidimbwi cha waridi pembeni mwa kibakuli. Dada alirudi, akasimama karibu na mlango, mtoto mdogo mgongoni.

"Umemaliza, baba?" mjomba akauliza, kwa upole uleule.

"Nimemaliza, mzee. Nangojea kauli yako tu."

"Mtu wa kukusemea yuko nje kwenye ngazi. Umemtoa mwenyewe." Akakisogeza kibakuli. "Lakini hata angekuwepo. Mimi si mwenye shamba. Mimi nalichunga tu. Mwenye shamba ni huyu hapa." Akamgeukia dada. "Mwanangu, wewe unataka mumeo apewe?"

Shemeji akacheka, kicheko cha kwanza siku ile. "Huyu? Mzee, huyu tulishakubaliana."

Naijua sura ya dada yangu kama ninavyoijua yangu. Nilingoja ainamishe kichwa, maana ndivyo alivyofanya siku zote, na tayari nilikuwa namkasirikia. Aliingiza mkono nyuma, akaiweka vizuri miguu ya mtoto, akaikaza mbeleko.

"Hatukukubaliana," akasema. "Hukuniuliza. Mjomba ndiye wa kwanza kuniuliza." Kisha, kwa mjomba: "Sitaki. Shamba libaki."

"Basi limebaki," mjomba akasema, akaanza kutafuta fimbo yake kwa macho.

Sijui kama mume wa dada alikuwa amewahi kuisikia sauti yake hiyo. Ilikuwa sauti ya kawaida, ya kuulizia kama chumvi imetosha. Yeye alipandisha yake. Akamwuliza mama watoto kama anajua anachokisema, mbele ya nani, ndani ya nyumba ya nani. Akasema amemdhalilisha. Akamnyooshea kidole.

"Na mimi nikikwambia utoke humu sasa hivi, utakwenda wapi?"

"Kwangu," dada akasema. "Na watoto nitakwenda nao, ni wa ukoo wetu."

Shemeji akamtazama mjomba, ambaye alikuwa ameshasimama. Akatazama nje, ambapo mtani alikuwa ameacha kula na kugeuza shingo. Akanitazama hata mimi, na mimi nikamtazama tu, na nilifurahi, sitasema uongo. Hapakuwa na hata mtu mmoja mle ndani wa kumpigia makofi.

Dada akaja mezani. Akalichukua lile bakuli kubwa lenye mguu, akapangusa ukingo wake kwa pindo la khanga, akaliweka mbele ya mumewe, na kijiko juu yake.

"Kaa ule, baba watoto," akasema. "Inayeyuka."

Akakaa, akachukua kijiko, akala.